Nyanya kuanzia kitaluni hadi sokoni: kila umri una mahitaji yake

Siku moja, kipindi chetu cha kilimo kikiwa hewani, uliingia ujumbe kwenye simu ya studio kutoka kwa msikilizaji mwenye robo ekari ya nyanya. Aliandika hivi: "Habari za kazi. Nyanya zangu zinaoza kitako zikiwa bado za kijani. Nimeshapiga dawa ya ukungu mara nne na hakuna mabadiliko. Pesa ya dawa ni mkopo wa VICOBA. Nifanye nini?"

Tulimsomea ujumbe huo bibi shamba tuliyekuwa naye studio. Kabla ya kujibu, yeye akauliza swali lake: "Anamwagilia kila baada ya siku ngapi?" Tukampigia msikilizaji. Akasema pampu ni ya kukodi na huipata kwa zamu, kwa hiyo wiki nyingine anamwagilia mara tatu, nyingine hamwagilii kabisa. Bibi shamba akatikisa kichwa. Akatuambia kwamba nyanya zile hazikuwa na ukungu, bali zilikuwa na kiu ya kupanda na kushuka. Dawa zote nne zilinunuliwa kutibu ugonjwa ambao haukuwapo.

Baada ya kipindi simu ziliendelea kuingia, na tukagundua kwamba wengi wetu tunaitunza nyanya kwa namna ileile tangu siku ya kupanda hadi kuvuna: maji, mbolea, dawa, basi. Lakini mche wa wiki mbili hauhitaji anachohitaji mti wenye maua, na mti wenye maua hauhitaji anachohitaji mti uliobeba matunda. Hasara nyingi tunazosimuliwa zinatokana na jambo zuri lililofanywa wakati usio wake. Ndiyo maana tumeandika makala haya, uyasome kwenye simu yako polepole na kuyarudia ukiwa shambani. Tumeyapanga kwa kufuata umri wa mmea.

Kabla ya mbegu: eneo lilipandwa nini?

Swali la kwanza si la mbegu, ni la shamba. Nyanya ni ndugu wa viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, mnavu na tumbaku. Ukoo huu unashirikiana magonjwa na wadudu. Ukipanda nyanya mahali palipotoka viazi mviringo msimu uliopita, unaikaribisha nyanya kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Pumzisha eneo kwa miaka mitatu hivi kabla ya kurudisha zao lolote la ukoo huo. Katikati panda mahindi, maharage, vitunguu au kabichi. Tunajua mwenye kipande kimoja kando ya mto atasema hana pa kuhamia. Basi angalau ligawe hilo shamba dogo, na kila msimu nyanya zihamie upande mwingine.

Chagua pia aina ya mbegu kwa kujua tabia yake. Kuna nyanya fupi, ambazo hukua hadi kimo fulani zikasimama na kuzaa kwa mkupuo. Tanya, Cal J na Rio Grande ni za kundi hilo. Kuna nyanya ndefu, kama Anna F1, ambazo huendelea kurefuka na kuzaa kwa muda mrefu, nazo zinahitaji miti mirefu na kupunguzwa machipukizi. Usiinunue ndefu kama huna miti, wala usiihudumie fupi kama ndefu. Tutalirudia jambo hili mbele.

Kitaluni: wiki tatu hadi nne za kwanza

Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu zipatazo 300. Zinaonekana kidogo mkononi, na hapo ndipo wengi hukosea wakazimwaga kama mchicha. Miche iliyosongamana hugombania mwanga, ikarefuka na kuwa myembamba kama uzi. Mche wa namna hiyo ukihamishiwa shambani hulala chini kwa upepo wa kwanza.

Tengeneza tuta lenye upana wa mita moja ili uweze kufika katikati bila kulikanyaga, liinuke kama sentimita 15 ili maji yasituame. Changanya udongo na mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Chora mistari midogo yenye kina cha sentimita moja, iachane sentimita 15 hadi 20. Sia mbegu moja moja, fukia kidogo, kisha funika kwa nyasi kavu na umwagilie kwa keni.

Mbegu huota kati ya siku ya tano na ya kumi. Hapa kuna kazi ya siku moja ambayo ukiikosa unaharibu kitalu kizima: siku unayoona miche imeanza kutokeza, ondoa nyasi. Ukiziacha kwa siku mbili tatu zaidi, miche hupinda ikitafuta mwanga. Nyasi zilezile zijengee kichanja chepesi juu ya tuta ili kupunguza jua kali la mchana.

Maji ya kitaluni yawe ya kutosha, yasizidi. Miche midogo ikikaa kwenye unyevu muda wote huoza shina pale linapogusana na udongo na kuanguka kana kwamba imekatwa. Mwagilia asubuhi, ili hadi jioni majani yawe yamekauka.

Adui mwingine wa umri huu ni nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka kama unga ukitikisa majani. Hao hueneza virusi vinavyokunja majani kuelekea juu, yakawa na kingo za njano na mmea ukadumaa. Mche ulioambukizwa kitaluni hautazaa kitu cha maana, na hakuna dawa ya kuua virusi ndani ya mmea. Kinga ni neti ya kitalu yenye matundu madogo sana. Kuna wanaotumia chandarua cha mbu. Matundu yake ni makubwa kwa nzi weupe, wanapita. Na chandarua ni cha kulalia watoto.

Wiki moja kabla ya kuhamisha, anza kuikomaza miche. Punguza maji na ondoa kichanja taratibu ili izoee jua. Mche uliolelewa kivulini ukapelekwa juani ghafla huungua.

Siku ya kuhamisha miche na wiki mbili zinazofuata

Mche uko tayari ukiwa na majani manne hadi sita na kimo cha sentimita 15 hivi, na shina nene kama kalamu ya risasi. Kwenye maeneo ya baridi, kama nyanda za juu, unaweza kuchelewa wiki moja zaidi. Usihesabu siku peke yake, angalia mche wenyewe.

Hamisha jioni, kuanzia saa kumi, au siku yenye mawingu. Mwagilia kitalu kwanza ili mizizi itoke na udongo wake. Mashimo yaachane sentimita 60 ndani ya mstari, na mistari iachane sentimita 75. Kwa nafasi hiyo ekari moja inaingia miche inayokaribia 9,000, na robo ekari kama ile ya msikilizaji wetu inaingia miche 2,200 na ushee. Ukibana zaidi ya hapo utapata majani mengi yanayogusana, hewa haitapita, na ukungu utafurahi.

Kila shimo weka viganja viwili vya samadi iliyooza. Kama una mbolea ya kupandia kama DAP, kifuniko kimoja cha soda kinatosha kwa shimo. Ichanganye na udongo kwanza, kwa sababu mbolea ya chumvichumvi ikigusa mizizi michanga huiunguza.

Sasa jambo ambalo mimea mingi hailipendi lakini nyanya inalipenda: ifukie kwa kina. Mche wa nyanya ukizikwa hadi karibu na majani ya kwanza, sehemu ya shina iliyo ardhini hutoa mizizi mipya. Mizizi hiyo ndiyo itakayotafuta maji miezi miwili ijayo.

Siku saba za mwanzo mwagilia kila siku, kidogo kidogo. Pita shambani kila asubuhi. Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, chimbua udongo kwa kidole kuzunguka shina. Utamkuta sota, kiwavi mweusi au wa kijivu aliyejikunja, ambaye hula usiku na kujificha mchana. Muue hapo hapo, kwani usiku unaofuata atahamia mche wa jirani. Bakiza miche michache kitaluni kwa ajili ya kuziba mapengo.

Umri wa majani: wiki ya tatu hadi maua

Huu ndio wakati ambao mmea unajenga mwili. Unahitaji palizi, mbolea ya kukuzia, na kuinuliwa kutoka ardhini.

Wiki ya tatu au ya nne baada ya kuhamisha, weka mbolea ya kukuzia, kwa mfano CAN, kifuniko kimoja cha soda kwa kila mmea. Izungushe umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, ifukie, na udongo uwe na unyevu. Usizidishe. Tunapokea malalamiko ya aina hii kila msimu: "Nyanya zangu ni nzuri, kijani kibichi, zimefika kiunoni, lakini hazizai." Mara nyingi mkulima huyo ameweka mbolea ya kukuzia mara tatu au nne. Mmea wenye naitrojeni nyingi huendelea kutoa majani kwa sababu hauoni haja ya kuzaa.

Simika miti mapema, kabla mizizi haijatanda, ili usiikate. Kwa nyanya ndefu mti uwe wa mita moja na nusu hadi mbili. Funga kwa kamba laini au kipande cha kitambaa, ukiacha nafasi ya shina kunenepa.

Kuhusu kuondoa machipukizi, yaani vile vitawi vinavyochomoza kwenye kwapa kati ya shina na jani: kwa nyanya ndefu yaondoe kila wiki yakiwa bado madogo, ubakishe shina moja au mawili. Kwa nyanya fupi usifanye hivyo, maana matunda yake hubebwa na hayo hayo matawi. Ukiyatoa unapunguza mavuno kwa mkono wako mwenyewe. Kwa aina zote mbili, ondoa majani ya chini kabisa yanayogusa udongo, kwa sababu mvua ikipiga, matone hurusha vimelea vya magonjwa kutoka ardhini hadi kwenye majani hayo.

Tandaza nyasi kavu chini ya mimea. Matandazo hutunza unyevu, hupunguza palizi na huzuia matone yale yale.

Katika umri huu ndipo magonjwa makubwa hujionyesha. Jifunze kuyatofautisha, maana kila moja lina jibu lake.

Bakajani tangulia huanza kwenye majani ya chini, yaliyozeeka. Utaona madoa ya kahawia yenye mviringo ndani ya mviringo, kama shabaha ya kulengea. Huenda taratibu, na ukiondoa majani yaliyoathirika mapema na kupiga dawa ya ukungu utalidhibiti.

Bakajani chelewa ni jambo jingine. Hupenda baridi na unyevu, siku za ukungu mlimani na mvua za manyunyu. Majani hupata mabaka makubwa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na asubuhi chini ya jani huonekana utandu mweupe. Shamba linaweza kuwa zuri Jumatatu na likawa jeusi Jumapili. Kimelea hiki ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Kwa ugonjwa huu usingoje kuona dalili. Hali ya hewa ikiwa ya baridi na unyevu kwa siku kadhaa mfululizo, piga dawa ya kinga majani yakiwa bado salama. Dawa ya kinga hukaa juu ya jani kuzuia kimelea kisiingie. Kikishaingia, dawa hiyo haitamtoa.

Mnyauko bakteria huja bila kuaga. Mmea wenye afya unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani, na baada ya siku chache umekufa. Kuna kipimo rahisi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kwenye maji, ni bakteria. Usinunue dawa yoyote, hakuna inayotibu. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, utoe nje ya shamba, safisha jembe, na maji ya eneo lile yasitiririke kwenda kwa mimea mingine. Eneo hilo usirudishe ukoo wa nyanya kwa miaka kadhaa.

Umri wa maua

Ua la nyanya lina upande wa kiume na wa kike ndani yake, hivyo linaweza kujichavusha lenyewe. Kinachohitajika ni mtikisiko ili chavua idondoke. Upepo hufanya kazi hiyo, na nyuki bunzi wale weusi wakubwa huifanya vizuri zaidi kwa kulitetemesha ua. Kwa hiyo usipige dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi. Ukilazimika, piga jioni.

Maua yakidondoka, usikimbilie duka la pembejeo. Angalia kwanza hali ya hewa. Joto la mchana likipita nyuzi 32 kwa siku nyingi, au usiku ukiwa na baridi chini ya nyuzi 13, chavua hushindwa kufanya kazi na ua huanguka. Jambo la pili la kuangalia ni maji, kwa kuwa mmea ulionyauka hudondosha maua ili ujiokoe. La tatu ni ile mbolea ya kukuzia iliyozidi. Haya yote hayatibiwi kwa chupa.

Mbolea ya umri huu iwe na potasiamu, kama NPK, kwa kuwa ndiyo inayosaidia tunda kujaa na kuwa na rangi na ladha.

Umri wa matunda: maji yasiyoyumba

Hapa ndipo tunarudi kwa msikilizaji wetu wa robo ekari. Tunda linapojaa linahitaji kalisi ili kujenga ngozi na nyama yake. Kalisi husafiri na maji kutoka kwenye udongo. Maji yakikatika kwa siku kadhaa, safari hukatika, na sehemu ya mwisho kufikiwa, yaani kitako cha tunda, hufa njaa. Huanza doa lenye majimaji, kisha kitako huwa cheusi au cha kahawia, kikabonyea na kukauka kama ngozi. Mara nyingi udongo una kalisi ya kutosha, ila maji ya kuibeba ndiyo yaliyokosekana. Dawa ya ukungu haiwezi kusaidia kwa sababu hakuna ukungu wa kuua.

Na maji yakirudi ghafla kwa wingi baada ya ukame, tunda hunywa haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka, likapasuka.

Ushauri aliopewa siku ile ulikuwa huu: aondoe matunda yaliyooza ili mmea usipoteze nguvu, atandaze nyasi nene, akubaliane na wenzake wa pampu kuwe na zamu fupi lakini za mara kwa mara, na asiongeze mbolea ya kukuzia. Matunda yaliyokwisha kuharibika hayaponi, lakini yanayofuata yanaweza kutoka salama. Kujua kama shamba lina kiu, chimba kwa kina cha kidole kirefu, shika udongo na uukamue. Ukishikana, bado kuna maji. Ukimeguka kama unga, mwagilia.

Umri huu una adui mmoja anayejulikana kila kijiji. Wataalamu wanamwita Tuta absoluta, wakulima wamempa jina la kanitangaze. Asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006 na hapa Tanzania akatambuliwa mwaka 2014. Ni nondo mdogo wa kijivu anayeruka usiku. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, na kwenye joto kizazi kipya hukamilika kwa takriban mwezi mmoja. Kiwavi wake huingia ndani ya jani na kula nyama yake akiacha ngozi nyeupe kama malengelenge, kisha huhamia kwenye tunda na kulitoboa.

Kwa kuwa anakaa ndani, dawa nyingi hazimfikii. Na kwa kuwa anazaliana haraka, akipigwa dawa ileile kila wiki hubaki wale wasiokufa, nao ndio wanaozaa. Hivyo badilisha kundi la dawa, si jina la chupa. Dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile, kwa hiyo soma maandishi madogo au mwombe mwenye duka akusomee. Tega mitego ya harufu mapema ili ujue siku nondo wanapoanza kuingia. Chuma majani yenye malengelenge na matunda yaliyotobolewa, yafungie kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani siku kadhaa, au yafukie kwa kina. Ukiyatupa pembeni mwa shamba, umemhamishia kanitangaze chumba tu. Msimu ukiisha, ng'oa masalia yote mara moja, na ni vizuri majirani mkafanya hivyo kwa pamoja, kwa kuwa nondo hatambui mpaka wa shamba.

Dawa na watu wanaokula

Hapa tunaomba tusikilizane. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri, yaani idadi ya siku kati ya kupiga dawa na kuvuna. Imeandikwa kwenye kibandiko. Kwa baadhi ni siku tatu, kwa nyingine ni wiki mbili au zaidi. Mkulima anayepiga dawa Alhamisi kwa sababu lori linakuja Ijumaa anawapelekea watu sumu kwenye kachumbari, na kachumbari haipikwi. Watoto wake wanaochuma tunda shambani na kulifuta kwa shati ndio wa kwanza.

Nunua dawa iliyosajiliwa. Kwa hapa Tanzania kazi ya kusajili viuatilifu ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi. Angalia pia ukanda wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ndiyo hatari zaidi, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Vaa gambuti, glovu, barakoa na nguo ya mikono mirefu, na usipige ukielekea upepo. Mtoto na mama mjamzito wasishike bomba.

Andika kwenye daftari: tarehe, jina la dawa, kipimo, siku za kusubiri. Anayeandika hatabishana na kumbukumbu yake siku ya kuvuna.

Kuvuna: kazi ya miezi mitatu inaharibika kwa siku moja

Kwa aina nyingi, mavuno huanza kati ya siku 60 na 90 baada ya kuhamisha. Tunda lililokomaa hupita rangi nne: kijani kilichokomaa, kuanza kugeuka kitakoni, waridi, na nyekundu. Chagua kwa kuangalia safari. Nyanya za kwenda Dar es Salaam kutoka Ilula, kule Kilolo mkoani Iringa, zinazopita barabara kuu ya Mbeya, zivunwe zinapoanza kugeuka, kwani zitaendelea kuiva njiani. Za gulio la kijijini kesho zinaweza kuwa waridi. Nyekundu ni za jikoni leo.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, zikiwa bado za baridi. Ziweke kivulini mara moja. Tenga la mbao refu huzibana za chini zikapasuka, na moja iliyopasuka huozesha jirani zake. Kama utapata kreti za plastiki, ni bora. Kama ni tenga tu, litandike nyasi kavu au magazeti ndani, na usilijaze likawa na kilima juu. Kilima hicho hulipwi, na uzito wake ndio unaoziponda za chini. Chambua: zilizotobolewa na zilizooza zisisafiri na nzima.

Msikilizaji wetu alitupigia tena baadaye. Awamu ya kwanza ya matunda ilipotea karibu yote. Awamu ya pili ilitoka safi, na akalipa VICOBA ingawa faida ilikuwa ndogo. Alituambia kwamba msimu ujao pesa ya dawa ataiweka kwenye pampu ya pamoja na majirani wawili. Tulimwomba ruhusa ya kusimulia habari yake bila jina, akacheka na kusema, "Simulieni, labda mwingine atauliza kabla ya kununua."

Nawe ukiona jambo usilolielewa shambani, chukua jani au tunda lililoathirika na uende nalo kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Mwambie mmea una umri gani, ulimwagilia lini na uliweka nini. Kisha tutumie swali lako kupitia kipindi, tulisome hewani, kwa kuwa nyuma ya swali moja huwa kuna mashamba mengi yenye shida hiyo hiyo. Tunakutakia msimu mwema.